Jibu la −3x ≤ 12 likikaguliwa linaonekana sawa, mbona limekosolewa?

Mzazi, Nakuru:
Walimu, naomba msaada. Binti yangu wa kidato cha pili alipewa swali 7 − 3x ≤ 19. Alitoa 7 pande zote mbili akabaki na −3x ≤ 12, kisha akagawanya kwa −3 na kuandika x ≤ −4. Amekosolewa, ilhali tukiweka −4 mahali pa x tunapata 19 ≤ 19, jambo ambalo ni kweli. Kosa liko wapi?

Mwalimu wa hisabati, Kisumu:
Mzazi mwenzangu, kutoa 7 ni sahihi; kosa limeingia kwenye kugawanya. Ukizidisha au ukigawanya pande zote mbili kwa namba hasi, sharti alama igeuzwe (≤ iwe ≥, na ≥ iwe ≤), kwa sababu hasi hupindua mpangilio wa namba: 2 ni ndogo kuliko 5, lakini −2 ni kubwa kuliko −5. Jibu basi ni x ≥ −4. Ukaguzi wenu haukulifichua kosa kwa kuwa −4 ndio mpaka, nao umo katika majibu yote mawili. Jaribuni namba isiyo mpakani. Tukiweka 0 tunapata 7, ambayo haizidi 19, kwa hiyo 0 lazima iwe ndani ya jibu, na x ≤ −4 inaiacha nje. Mkiweka −5 mtapata 22, ambayo imezidi.

Mwalimu, Kakamega:
Niongeze kwamba wanafunzi wakishakariri kanuni hiyo, huigeuza alama kila waonapo hasi popote. Katika 3x ≥ −12 tunagawanya kwa 3, ambayo ni chanya, kwa hiyo alama haiguswi. Mimi hupendelea kuihamisha −3x: 7 ≤ 19 + 3x, yaani −12 ≤ 3x, hivyo −4 ≤ x, bila kugeuza chochote.

Mwalimu wa hisabati, Kisumu:
Ni njia nzuri, ila wengi huisoma −4 ≤ x kinyume na kuchora mshale kuelekea kushoto kwenye mstari wa namba. Maswali ya maneno nayo yana mtego wake. Tuseme mchuuzi wa soko la Kibuye ana shilingi 1,900, nauli ni 200 na gorogoro (mkebe wa kupimia) ya omena ni 160; anaweza kununua gorogoro ngapi, yaani n? Tunapata 160n ≤ 1,700, yaani n ≤ 10.625, na mwanafunzi kwa mazoea hupandisha hadi 11. Gorogoro 11 ni shilingi 1,760. Mchuuzi amepungukiwa na 60. Hapa jibu ni 10.