Tupeane uzoefu: Mlioanza mafunzo ya Franz Bardon, hatua ya kwanza inawaendeaje?

Mwanzisha mada

Habari za jioni wakuu. Najua humu wapo wanaosoma mfumo wa Bardon kimya kimya, kila mtu chumbani kwake, bila mwalimu wa kumuuliza. Naomba tukusanye uzoefu hapa, hasa sisi wageni.

Kwa wasiomjua: Bardon alikuwa Mcheki, mwalimu wa hermetiki (elimu ya siri ya kujifunza na kujibadili nafsi), alizaliwa 1909 karibu na Opava, akafariki 1958 mjini Brno akiwa kizuizini. Kitabu chake cha mafunzo kilitoka kwa Kijerumani 1956. Hatua ni 10, na kila hatua ina kazi tatu za kwenda pamoja: ya akili, ya nafsi na ya mwili. Huruhusiwi kuruka. Akili ikitangulia, inaisubiri nafsi.

Kazi ya akili ukiisoma ni nyepesi mno. Kaa, fumba macho, tazama mawazo yanavyopita, usiyafukuze wala usiyafuate. Unaanza na dakika 5 mpaka ufike 10. Kisha unashika wazo moja tu. Kisha unabaki bila wazo lolote, na usingizi usikuchukue. Mimi bado niko kwenye wazo moja na sina haraka.

Kilichonigusa zaidi ni kioo cha nafsi. Unaandika kasoro zako, anashauri zifike hata 100, halafu unazigawa kwa moto, upepo, maji na udongo. Hasira na wivu ni vya moto, majivuno na umbea vya upepo, uzembe na kuyumbayumba vya maji, uzito na unyong'onyevu vya udongo. Baadaye unaandika kioo cha pili, cha mema yako. Kasoro za mwanzo zinakuja zenyewe, maana ndizo unazoambiwa na watu tangu utotoni. Zikiisha hizo, unakutana na zile ambazo hakuna aliyewahi kukuambia. Mimi niliona kwamba ninapotoa, mara nyingi pana mtu wa kuniona. Mzazi hakuwahi kuniambia hilo, wala padri. Hata mafunzo haya yangeishia hapo, kwangu ni elimu kubwa.

Karibuni.

Mlinzi wa usiku, Dar

Asante kwa uzi huu mkuu. Mimi nafanya asubuhi nikishatoka lindo, nikaoga na kula kidogo. Nimegundua mawazo yangu karibu yote ni majibizano. Nabishana na bosi, namjibu shemeji, namdai mtu hela yangu. Yakipungua hutokea kimya kifupi, mara nashtuka kuwa kimya kimefika, na kule kushtuka nako ni wazo, basi kimekwisha.

Faida nimeiona getini. Mtu akinipandishia sauti, naiona hasira inakuja kabla haijafika mdomoni. Zamani tulikuwa tunafika pamoja.

Bint Tanga

Asalaam aleykum. Mie nimeingia ya pili, lakini ya kwanza sijaiacha. Kugawa tabia kwa moto, upepo, maji na udongo hakukunishangaza, maana babu yangu alikuwa mtu wa falaki na nyota za watu alizisoma kwa hizo hizo nne. Tofauti ni kwamba kwa babu unaambiwa ulivyo. Huku unajihukumu mwenyewe, na kalamu unayo mkononi.

Hatua ya pili kuna kujisemea sentensi moja kabla ya kulala, huku ukihesabu kwa uzi wenye shanga au mafundo 30 hadi 40. Tasbihi yangu sikuigusa, ile ni ya dhikri. Nilipiga mafundo 40 kwenye uzi wa nyavu. Sentensi iwe fupi na ya sasa hivi: "Nina subira na wanangu." Usiseme "nitakuwa", kesho haina mwisho. Usingizi ukikuchukua katikati ya mafundo, wacha ukuchukue, maneno yaingie nao.

Kazi ya masikio ndiyo inayonitoa jasho. Usikie saa inagonga, moyoni tu, bila kuiona saa yenyewe. Nikisikia tu, picha ya saa ya ukutani hiyo!

Nesi wa zamu, Nakuru

Nitaongea juu ya mwili. Asubuhi unajisugua kwa brashi kavu mpaka ngozi ipate joto, halafu maji baridi. Nakuru hapa asubuhi ni baridi kweli, na bado naipenda, nafika wodini nikiwa macho. Lakini mwenye shida ya moyo au presha asijimwagie maji baridi ghafla, aulize daktari wake kwanza.

Lingine ni la uzito zaidi. Mtu aliye kwenye msiba au aliyezama kwenye huzuni asianze na kioo cha kasoro peke yake. Rafiki yangu alianza wiki chache baada ya kumzika mamake, kila ukurasa ukawa wa kujilaumu. Nilimwomba aliweke hilo daftari kando na aende kwa mshauri. Alienda, na kwa sasa anafanya mazoezi ya kupumua na maji baridi ya asubuhi tu.

Mpangaji

Wakuu, daftari mnaficha wapi? Chumba tunakaa watatu na inasemwa liwe siri.

Bint Tanga

Mie naandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nyumbani kwetu wanaozisoma ni wengi, ila hakuna anayeusoma mwandiko wangu.

Mwanzisha mada

@Mpangaji, kila kasoro ipe alama yako mwenyewe, duara au nyota, na maana yake uibebe kichwani. Daftari langu hata likifunguliwa mezani halisemi kitu.

@Nesi, asante sana kwa hilo la msiba, nimeliomba liwekwe juu kabisa ya uzi kabla mgeni hajasoma lolote lingine. Walio hatua ya tatu, kwenye pumzi za moto na upepo (kuvuta pumzi huku ukiwaza unavivuta ndani), tunawasubiri: mlijuaje kwamba nafsi imefika mahali pa kuendelea?