MREJESHO: Kikundi cha kuacha pombe Nairobi

Habari zenu. Niliwauliza ni wapi Nairobi kaka yangu angepata kikundi cha kusaidiana kuacha pombe. Asanteni, mmenifaa sana. Anwani ya kwanza mliyonipa ilikuwa ya zamani. Askari wa getini alituambia walishahama. Aliyenishauri nipige 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ndiye aliyenitoa njia panda. Mikutano ya Alcoholics Anonymous, ambako wanywaji husaidiana kuacha pombe, haina kiingilio, na jina la kwanza latosha. Kaka aliketi karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi, asiseme neno. Baadaye alikunywa tena, lakini amerudi kikundini mwenyewe bila kusukumwa. Mimi nimeanza Al-Anon, ya ndugu wa wanywaji. Sikuitarajia kabisa, ila hasira zimepungua.