Binti yangu ana shida ya jeni ya PCNT, ndugu wanataka apigwe sindano za kurefuka. Naombeni ushauri

Binti Chumbageni:
Habari zenu wakuu. Mwanangu wa kike ana miaka sita na kimo chake hakijafika cha mtoto wa miaka miwili. Alizaliwa miezi yake imetimia, ila kwa kilo moja na robo. Kichwa kidogo, sauti nyembamba, meno madogo tena yanalegea. Akili anayo, anaimba na kukariri vizuri tu. Kliniki nimesemwa sana kwamba simlishi. Mwaka huu sampuli ya damu ikapelekwa India, majibu yanasema jeni ya PCNT imeharibika nakala zote mbili. Daktari akanitajia sentrosomu, foleni ndefu, nikatoka sijaelewa kitu.

Mume wangu ni mtoto wa shangazi. Sasa mama mkwe, ndiye huyo shangazi, anadai nilivuka kitu nikiwa na mimba, na mjomba aliyeko Muscat yuko tayari kulipia sindano za homoni. Nikubali?

Mkude Jr:
Mpe, dada. Mpwa wangu alizitumia, leo kanipita mimi.

Nesi wa Zamu:
Mkuu Mkude, mpwa wako huenda alikuwa na upungufu wa homoni. Huyu hana shida hiyo.

Dada, sentrosomu ni kitu kidogo ndani ya seli kinachopanga nyuzi za kuvuta kromosomu, yaani vifurushi vya jeni, pande mbili seli inapogawanyika. PCNT, iliyoko kromosomu ya 21, inatengeneza perisentrini, protini ambayo mitambo ya kuanzishia nyuzi hizo inajishikiza juu yake. Isipokuwepo, seli zinagawanyika kwa shida tangu tumboni na mwili unakuwa na seli pungufu. Homoni haiongezi kitu hapo. Uhusiano wa jeni hii na ufupi wa aina hii ulijulikana mwaka 2008, wengi wakiwa watu wazima wanafika kama sentimita 100, na wengi akili zao ni za kawaida au karibu na hapo.

Hela ya mjomba iende kwenye MRI ya kichwa inayoonyesha MISHIPA YA DAMU. Hili ndilo linalowaua. Mishipa ya ubongo huziba pole pole au huvimba kama puto ikapasuka, na mtoto anapata kiharusi. Ikionekana mapema inafanyiwa upasuaji. Picha ya kwanza ni sasa hivi, halafu irudiwe kila baada ya mwaka au mwaka na nusu, hata kama anacheza vizuri. Akilalamika kichwa ghafla, mkono ukalegea au maneno yakakwama, usingoje asubuhi.

Ustaadh Pwani:
Ndiyo tunavyosema kila siku, ndugu wasioane.

Nesi wa Zamu:
Ustaadh, ndoa ipo na mtoto yupo. Kila mzazi ana nakala moja mbovu na moja nzima, ndiyo maana wote wana kimo cha kawaida. Wenye babu mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba nakala ileile, lakini hata wasio ndugu inawatokea. Habari ya kuvuka kitu mwambieni shangazi aiache.

Binti Chumbageni:
Nimelia hapa. Na mimba nyingine je? Halafu shangazi anamshindilia uji wa lishe mchana kutwa.

Nesi wa Zamu:
Kila mimba, robo ya uwezekano wa kupata mwingine kama yeye. Kabla hamjajaribu, mrudi kwa mtaalamu wa jeni na ile karatasi.

Uji apunguze. Kumshindilia hakumrefushi, na watoto hawa miili yao hukaidi insulini, kisukari kinawapata wakiwa bado wadogo. Mwangalie shingo na kwapa, ngozi ikiwa nyeusi na nene ni dalili. Sukari na presha vipimwe kila mwaka. Meno pia, maana mizizi yake ni mifupi.

Baba Wawili:
Wa kwangu ana ufupi wa aina nyingine, ila naongeza moja. MRI wakitaka kumlaza kwa dawa, mwambie mtu wa usingizi MAPEMA, siyo mlangoni. Dozi ipigwe kwa uzito, na mpira wa kupumulia unaopitishwa kooni uwe mdogo kuliko wa umri wake. Nenda na majibu ya India yamechapishwa, usitegemee simu.

Binti Chumbageni:
Asanteni. Mjomba nimemtumia uzi huu wote, kauliza MRI hiyo ni shilingi ngapi.