Je, idadi ya marejeo inatosha kupima utafiti wa diplomasia ya Zanzibar?

Mwanagenzi: Ndugu wanajukwaa, naandika sura ya mapitio ya maandishi katika tasnifu ya uzamili kuhusu uhusiano wa Zanzibar na Marekani tangu mkataba wa biashara wa 1833. Msimamizi wangu anataka nioneshe mwelekeo wa utafiti kwa kuhesabu ni mara ngapi kila kazi imerejelewa. Katika Scopus na Web of Science, kanzidata zinazohesabu marejeo ya kitaaluma, ninachopata ni haba mno, hata mtu angedhani mada hii haijaandikwa. Nihesabuje?

Tanbihi: Ndugu Mwanagenzi, kanzidata hizo zimeegemea majarida, ilhali wanahistoria wa diplomasia huandika zaidi vitabu, na hoja zao husimama juu ya nyaraka ambazo hesabu hizo hazizigusi. Faharasa ya sanaa na insia ya Web of Science inaanzia machapisho ya 1975. Kwa hiyo makala ya Hermann Eilts ya 1962 kuhusu ujumbe wa Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sultani Sayyid Said, uliofika New York mwaka 1840 huonekana humo pale tu inapotajwa na wengine. Google Scholar hukusanya pia vitabu na tasnifu, ingawa huchanganya matoleo, na usafishaji wake ni kazi ya subira.

Mpekuzi: Nakubali, ila nisingeitupa hesabu yenyewe. Jiulize kazi inarejelewa kwa lipi. Mwandishi akichukua habari za Sultana, meli iliyobeba ujumbe huo, kwa aliyemtangulia, naye akawa amezichukua kwa mwingine, marejeo kumi yatakuwa ushahidi mmoja. Fuata tanbihi hadi kwenye waraka: karatasi za Richard Waters, konseli wa Marekani aliyefika Unguja mwaka 1837, zimo katika Maktaba ya Phillips, Rowley, Massachusetts, na taarifa za Atkins Hamerton, aliyeanza kazi ya ukonseli wa Uingereza mwaka 1841, zimo katika kumbukumbu za India Office (iliyokuwa wizara ya Uingereza ya mambo ya India), London. Mizani ikilalia kwenye hifadhi hizo za ng'ambo, si ajabu Sayyid Said akasomwa zaidi kupitia kalamu za makonseli, na kwangu mimi huo ndio mwelekeo unaostahili kuandikwa.

Mwanagenzi: Ahsanteni sana. Basi nitatengeneza majedwali mawili, la kazi zinazorejelewa na la hifadhi zinazotajwa katika tanbihi. Nyaraka za Kilimani, yaani za hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar, niziwekee safu yake?

Tanbihi: Ziwekee, tena uandike namba ya jalada kila mara, kwa sababu “Nyaraka za Zanzibar” peke yake haimsaidii anayetaka kuhakiki.