Nimekusanya michoro ya watu mtandaoni kutengeneza kanga ya Tanga, wengine wamechora matusi. Nifute au niache?

Kidole Gumba:
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Mimi ni kijana wa Ngamiani, natengeneza tovuti. Nilichukua picha ya bandari yetu ikionekana kutokea Raskazone, nikaikata vipande vidogo vya mraba, nikaviweka kwenye ukurasa mmoja. Ukifungua linki unapewa kipande kimoja tu, unakichora upya kwa kidole kwenye simu, unatuma. Hujui kinakaa wapi. Kinaweza kuwa ubavu wa ngalawa, kinaweza kuwa wingu, kinaweza kuwa bati la ghala. Vyote vikiunganishwa vinakuwa mji wa kanga, na pindo lake ni majani ya mkonge.

Mbinu yenyewe ina watangulizi. Mwaka 2008 Aaron Koblin na Takashi Kawashima waliikata noti ya dola 100 vipande 10,000, wakavigawa mtandaoni vichorwe upya, na waliochora hawakujua kwamba wanachora noti.

Linki imezunguka kwenye magrupu ya shule, vikoba, mpaka madrasa. Vipande vyote vimejaa. Tatizo wengine wamechora uchafu. Kuna aliyeweka nembo ya timu yake katikati ya bahari, kuna matusi ya nguoni, kuna aliyeandika namba ya simu na "natafuta mchumba, niko serious". Nikifuta naona nawaonea, maana niliahidi kila mchoro utaingia. Nikiacha, nani atavaa? Nina siku chache tu za kuamua na usingizi hauji. Ushauri tafadhali. Matusi hapana, niliyonayo yanatosha.

Pweza Mkavu:
Hiyo namba ya anayetafuta mchumba usiifute kabla hujanitumia PM.

Seva Imezimika:
Mkuu usifute, funika. Mwaka 2017 Reddit walifungua turubai moja ya pikseli 1,000 kwa 1,000. Unaweka nukta moja, unasubiri dakika kadhaa ndipo unaweka nyingine. Ilidumu saa 72 na walishiriki watu zaidi ya milioni moja. Mtu akichora upuuzi, wenzake wanachora juu yake, maisha yanaendelea. Wewe virudishe vile vya matusi kwenye foleni, apewe mtu mwingine. Mchoro wa kwanza ubaki kwenye hifadhi, ahadi hujaivunja.

Halafu natumaini unahifadhi njia ya kidole, yaani pointi zake, siyo picha nzima. Faili linakuwa jepesi, bando la watu haliishi, na baadaye unaweza kuwaonyesha watu mchoro ukijichora mstari kwa mstari. Hiyo peke yake ni burudani.

Shangazi wa Kona:
Mimi nauliza hao watoto wa madrasa, wameyaona hayo matusi au hawajayaona? Siku hizi mzazi anampa mtoto simu anyamaze, akija kushtuka mtoto kashahitimu.

Lakini mambo ya kukusanya mawazo ya watu nayajua. Harusi ya mdogo wangu pale Chumbageni, kamati ikasema kila mtu alete kwenye grupu rangi anayotaka ya sare, ya wengi ndiyo itapita. Tukaleta, tukagombana, kuna waliojitoa kwenye grupu. Ikapita kijani kile cha ukuta wa zahanati, hakuna anayekumbuka nani alikitaja. Tulipokwenda kulipa ndipo tukajua kwamba aliyekuwa anahesabu kura ndiye mwenye duka la vitambaa, na kijani kilikuwa kimemlalia stoo tangu mwaka juzi. Kile kitambaa ninacho hadi leo, nafunikia mashine.

Mkonge Mweupe:
Mwenye uzi, umesema una siku chache tu za kuamua. Nani kakupa hizo siku?

Kidole Gumba:
Ni ratiba tu mkuu. Tusitoke nje ya mada.

Mkonge Mweupe:
Ratiba ya nani?

Kidole Gumba:
Haya. Kuna mfanyabiashara ameipenda, anataka kuichapa doti za kutosha kabla ya msimu wa harusi. Amenipa kishika uchumba na nimeshakitumia, nimelipia seva na deni la kompyuta.

Na kabla hamjaanza: kodi za tovuti nimeandika mimi usiku nyie mmelala, seva nalipa mimi, linki nimeisambaza mimi. Mtu kachora kipande cha ukubwa wa kucha akiwa kwenye daladala, dakika mbili, anidai nini? Chini ya ukurasa niliandika wazi kwamba huu ni mradi wa sanaa. Kwani kanga siyo sanaa?

Shangazi wa Kona:
Kijani cha zahanati hicho kimerudi.

Wakili Bila Joho:
Uliandika mradi wa sanaa. Uliandika kwamba utauzwa?

Huyo Koblin uliyemtaja, mwaka 2006 aliwalipa watu mtandaoni senti mbili za dola kwa kila kondoo watakayemchora, awe anatazama kushoto. Akapata kondoo 10,000. Hao walilipwa, na bado kondoo walipoanza kuuzwa kama stika wachoraji wenyewe waliulizana kwenye jukwaa lao: jamani, wanauza kondoo wetu? Wale wa noti walilipwa senti moja moja, kazi nzima ikagharimu dola 100, na nakala zake zikauzwa kuchangia kompyuta za watoto. Wewe wako hawajaona hata senti.

Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki, Na. 7 ya 1999, inampa mchoraji haki yake kwa kule kuchora tu, hata kama hajasajili popote. Hoja ya ukubwa wa kucha usiende nayo mbele ya mtu mzima. Na namba za simu za wachoraji ulichukua?

Kidole Gumba:
Nilichukua ili mtu asichore mara mbili. Ziko salama.

Wakili Bila Joho:
Basi kaisome na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ila mlango unao: watumie meseji hao hao, kipande chako kinakwenda kwenye kanga ya kuuzwa, unakubali au hukubali, na ukikubali mgao wako ni huu. Asiyekubali, kipande chake kirudi kwenye foleni na vile vya matusi.

Kidole Gumba:
Meseji za watu wote hao nani analipia? Na kuna watakaokataa kwa roho mbaya tu. Jamaa hawezi kusubiri. Nilishapanga jina la kanga liwe la kuwashukuru wote, naona inatosha. Mimi niliuliza kuhusu matusi tu.

Mzee wa Mchakamchaka:
Vijana hamkuonja msaragambo. Mbiu ikipigwa kila nyumba ilitoa mtu na jembe, mfereji ukachimbwa, na sikuwahi kusikia aliyepiga mbiu akiwauzia waliochimba maji. Kijana, kuna kula na kuna kulishwa na Mungu.

Jirani wa Makorora:
Nimesoma mwanzo hadi hapa. Hii ni chai.

Niko Tanga hii hii, nina magrupu ya vikoba matatu, hiyo linki sijaiona. Mwanzo usingizi haukuja kwa sababu ya matusi, mara mfanyabiashara, mara deni la kompyuta. Na kinachonimaliza ni hiki: kiwandani kila rangi ya kanga ina skrini yake, ndiyo maana kanga nyingi zina rangi chache. Vipande vya kaumu yote hiyo, kila mtu na rangi zake, unavichapaje? Weka picha au funga uzi.

Pweza Mkavu:
Nimekuja na vitumbua, mimina.

Seva Imezimika:
Kwenye rangi jirani ana hoja.

Kidole Gumba:
Rangi ziko 4 tu, ukurasa hautoi nyingine. Unadhani nimeanza jana? Picha hiyo hapo, kona tu, upande wa Toten. Nzima siweki, mtaiba.

Jirani wa Makorora:
Sisi tutaiba 😂

Nimeona, sawa, picha ipo. Sasa nieleze: rangi ulizifunga 4 tangu siku ya kwanza, kabla mfanyabiashara "hajaipenda"?

Kidole Gumba:
Nilitaka ifanane na kanga. Ni kosa?

Binti Tongoni:
Samahani, nimeletewa huu uzi na mtu ndiyo nimejiunga. Hiyo ngalawa ya tatu kutoka kushoto, kile kiraka kwenye tanga nimeweka mimi. Nilipewa mraba mweupe mtupu wenye mkunjo mmoja, nikadhani ni shuka. Nikaona shuka tupu halipendezi, nikalitia kiraka na nyuzi zake nne pembeni. Ukikuza picha utaziona, moja imepinda kwa sababu mtoto alinigonga mkono.

Seva Imezimika:
Nimekuza. Nyuzi nne, moja imepinda.

Jirani wa Makorora:
Posti ya kwanza, amejiunga leo. ID ya pili ya mwenye uzi hiyo, anatafuta huruma.

Binti Tongoni:
ID yake ya pili ingemdai? Mimi linki nilitumiwa na mwalimu wa mwanangu, akasema ni picha ya kupamba ukuta wa shule.

Kidole Gumba:
Hilo la ukuta mwalimu kajiongezea. Dada, njoo PM tuyazungumze.

Mkonge Mweupe:
PM hapana. Yazungumzeni hapa hapa.

Binti Tongoni:
Siendi PM. Kaka, doti ngapi, na moja atauza shilingi ngapi?