Naomba ushauri: suala la mawalii limetugawa nyumbani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tuko Bagamoyo, mji wa Sheikh Ramiya wa tarika ya kisufi ya Kadiria, aliyefariki 1931, kwa hiyo ziara, yaani kuzuru makaburi ya masheikh, kwetu si jambo geni. Baba mkubwa hakosi. Kanzu inapigwa pasi tangu jana yake. Mdogo wangu karudi masomoni, anasema kumwita marehemu walii, yaani kipenzi cha Mungu, ni kumsemea Mungu.

Dogo anashika Sura Yunus, aya ya 62 na 63: mawalii ni walioamini na kumcha Mungu, basi. Anamtegemea mwanachuoni Ibn Taymiyya (ambaye hata hivyo hakukanusha karama, yaani mambo ya ajabu ya mawalii, hilo dogo halitaji!). Baba mkubwa anakuja na msufi Ibn Arabi na insanul kamil (mtu mkamilifu), mja anayedhihirisha sifa za Mola, na kilele chake ni Mtume. Dogo anaruka: mnampandisha walii juu ya nabii!

Mliosoma, nisaidieni. Ibn Arabi aliposema uwalii wa nabii ni bora kuliko unabii wake, si alimaanisha mtu yuleyule mmoja? Na nikienda ziara nikamwombea sheikh rehema, bila kumwomba yeye chochote, kuna ubaya gani? Ziara imekaribia, na wote wawili wananitazama mimi.