Kampuni yetu ya ndege za mizigo inamezwa: nichukue kiinua mgongo au nisubiri orodha mpya?

Injini Mbili:
Wakuu salaam. Mimi ni rubani msaidizi, Mtanzania, niko Nairobi kwenye kampuni ya ndege za mizigo ambayo sitaitaja. Tunabeba mirungi, dawa, vipuri, hata vifaranga, kwenda Mogadishu, Juba na kwingineko. Tumetangaziwa kwamba tunaungana na kampuni kubwa kuliko yetu. Wanasema "kuungana", lakini nembo inayobaki ni ya wenzetu, kwa hiyo anayemezwa anajulikana.

Tumepewa barua tuchague: kuondoka kwa hiari na kiinua mgongo, au kubaki na kusubiri orodha mpya ya ukubwa kazini. Tetesi ni kwamba sisi tutabandikwa mkiani, hata kijana wao aliyeajiriwa juzi atanitangulia. Ukiuliza ofisini unaambiwa usubiri taarifa rasmi. Silali wakuu. Nikiwa futi elfu 33 angani nawaza ada za watoto. Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa. Nifanyeje?

Ngoja Wajuvi:
Nimeweka kiti hapa, wajuvi waje.

Mama Vitenge:
Mshukuru Mungu kwanza. Kuna watoto wa watu wana digrii mbili wanaendesha bodaboda, wewe unalia na barua ya kupewa hela. Marubani mna tatizo la kuishi kama mishahara haina mwisho. Mdogo wangu aliolewa na mmoja, nyumba ya kupanga mpaka leo.

Mbeba Boksi Louisville:
Mkuu, mimi niko Louisville huku Marekani, napakia mizigo usiku kwenye kituo kikuu cha UPS. Huku namba ya rubani kwenye orodha ndiyo maisha yake: njia atakazoruka, likizo, lini atakuwa kepteni. Kampuni ya ndege ya American ilipoichukua kampuni nyingine, TWA, mwaka 2001, marubani wengi wa TWA waliwekwa mkiani. Kelele zile zikazaa sheria ya 2007 kwamba orodha ziunganishwe kwa haki, na mkishindwana anaamua mtu wa nje. Hata hivyo kampuni ya ndege za mizigo ya Atlas ilipoinunua nyingine, Southern, mwaka 2016, mkataba wa pamoja wa marubani ulikuja kupatikana 2021. Hesabu miaka hiyo. Kwa hiyo wewe unayetaka jibu kabla ya Ijumaa, pole. Mimi mwenyewe mgongo umekwisha, nawaza kurudi Moshi kufuga.

Fundi wa Wilson:
Sasa Mbeba Boksi, sheria ya Marekani itamsaidia nini mtu wa hapa? Somalia ilipofunga miraa, hiyo mirungi yenu, 2020, uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi ulinyamaza kabisa. Marubani wazuri walikaa nyumbani mpaka ilipofunguliwa Julai 2022. Waliorudishwa kwanza ni wale ambao hawakuwa wametia saini kitu chochote. Mimi niliuza gari. Ilikuwa Probox safi kabisa, hata leo nikiiona Thika Road roho inauma.

Wakili Njaa:
Mtoa mada, jibu haya: una miaka mingapi kazini, umejaza hiyo fomu au bado, na una deni lolote kwa mwajiri?

Ukijitoa kwa hiari, unapata kile kilichoandikwa kwenye barua yao, basi. Wakikupunguza wao, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inawataka watoe notisi isiyopungua mwezi mmoja na walipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Na hawachagui wa kupunguza kwa sura: wanatakiwa kuangalia muda wa mtu kazini, ujuzi, uwezo na kuaminika kwake. Kwetu Tanzania ni siku 7 kwa mwaka, tena mwisho miaka 10, kwa hiyo ushukuru mkataba wako ni wa huko.

Injini Mbili:
Wakili, niko mwaka wa sita. Fomu nimeshasaini ila sijairudisha, iko kwenye begi. Na kabla hamjaanza kunishambulia: nimeshalipia nusu ya Coaster, nataka iingie njia ya Mbagala. Mizigo ya watu haina uhakika, lakini abiria wa Mbagala wapo kila siku. Nimepiga hesabu vizuri, sikukurupuka.

Konda Mstaafu:
Hesabu za Coaster kwenye karatasi hazijawahi kumshinda mtu. Subiri ukutane na dereva anayekuletea "bosi leo hali ngumu" siku tano mfululizo.

Mpima Chai:
Wakuu, mmeshanasa. Mirungi ya Mogadishu hubebwa na Fokker 50, si ndiyo? Fokker 50 mwisho wake futi 25,000. Huyu na pangaboi lake anafikaje 33,000? Chai hii, tena ya rangi. Anatafuta mtaji wa Coaster kwa huruma zenu.

Ngoja Wajuvi:
😂😂 Nimejua tu.

Mama Vitenge:
Na mimi nimeandika ushauri mrefu hivyo!

Injini Mbili:
Mpima Chai, Fokker ndiyo ninayorusha sasa, kweli. Lakini mwaka jana kampuni ilinipeleka Johannesburg kwenye simuleta nikapata reting, yaani ruhusa ya kurusha aina hiyo ya ndege, ya Boeing 737. Tuna moja, niliirusha kidogo, ikaenda matengenezo haijarudi. 33 niliyoandika ni ya huko. Na ndiyo Wakili, kuna deni: walilipia wao, nimefungwa bondi ya miaka mitatu, nikiondoka kabla nawarudishia gharama. Sikutaja kwa sababu meneja alisema kwa mdomo "hiyo tutaangalia".

Wakili Njaa:
Kwa mdomo! Fungua begi, utuandikie barua inasemaje kuhusu madeni.

Injini Mbili:
"Fedha zote anazodaiwa mfanyakazi zitakatwa kwanza." Lakini meneja ni mtu muungwana.

Fundi wa Wilson:
Na kampuni inayowanunua inarusha ndege gani?

Injini Mbili:
737 tupu.

Fundi wa Wilson:
Bro! Watu wanauza mashamba walipie hiyo reting. Fokker zenu ndizo zitaegeshwa, wewe karatasi ya ndege yao unayo tayari, halafu unajitoa mwenyewe na bondi unawalipa? Hata ukiwa mkiani, ni mkia wa 737. Uliza tu cheki yako ya simuleta, ule mtihani wa kurudia, inaisha lini na nani atailipia.

Wakili Njaa:
Na uulize kwa barua kama bondi inahamia kwa mwajiri mpya. Kibali chako cha kazi pia kina jina la mwajiri wa sasa, hilo nalo liandikwe. Fomu usiirudishe mpaka wajibu.

Injini Mbili:
Nawasikia wakuu. Ila muuzaji wa Coaster kasema nikighairi harudishi hela yote.

Mpima Chai:
Bado sijaamini. Weka picha ya leseni, ficha jina.

Konda Mstaafu:
Achana na leseni. Mtoa mada, hiyo Coaster ni ya mwaka gani? Ukighairi nicheki inbox, nimalizie nusu iliyobaki.